Zizi Ambalo Halikukabidhiwa

Baba yangu, Oiva Huttunen, alifuga ng'ombe wa maziwa Kiuruvesi, huku kwetu Savo, kwa miaka hamsini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuondoka nyumbani hata siku moja bila kukabidhi zizi. Siku niliyozaliwa alichelewa kufika hospitali kwa sababu mkamuaji wa zamu alikuwa hajatokea, na mama alimsuta kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Mkulima wa kwetu akitaka kwenda mahali, humpigia simu mkamuaji wa zamu, mtu wa manispaa anayeshika nafasi yake, wakazunguka zizi pamoja, akamwonyesha yupi chuchu inamuuma, yupi ana mateke, yupi anakaribia kuzaa. Halafu yote yanaandikwa kwenye daftari linaloning'inia kwa kamba mlangoni. Hapo tena ndipo mtu anavaa viatu vyake vya safari.

Haya nayatanguliza makusudi, ili mjue kwamba nilikuwa nayajua. Sikuwa mgeni pale. Nimekulia katika nyumba hiyo, na daftari hilo nililishika kabla sijajua kusoma.

Mkamuaji wetu wa zamu aliitwa Hilkka Tossavainen, mwanamke mrefu wa Rautavaara mwenye mdomo usiokaa kimya. Baba alimwamini yeye peke yake. Wengine wote waliotumwa na manispaa aliwaita watalii.

Kuna msemo juu yetu sisi watu wa Savo: Msavo akisema, mzigo ni wa anayesikiliza. Watu wa Helsinki wanautumia kutucheka, lakini ni kweli tupu. Baba hakusema kitu moja kwa moja maishani mwake. Akitaka chumvi, alisema, "Samaki huyu kweli ni wa ziwani." Ukimuuliza kama goti linamuuma, alikwambia hali ya hewa inabadilika. Ukishindwa kuelewa, shauri yako. Hakurudia.

Magoti hayo ndiyo yaliyommaliza. Alikuwa na miaka sabini na sita, mama alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma, na lori likaja kuwachukua ng'ombe wote siku moja ya Oktoba. Alisimama langoni akimsomea dereva majina yao mmoja mmoja, ingawa dereva hakuwa na haja nayo. Kisha akaingia ndani, akalala akiutazama ukuta.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Iisalmi, na nilikuwa nakwenda kumwona kila baada ya siku moja. Mpaka Krismasi alikuwa amepungua kilo kumi na moja. Presha ilipanda, ndevu ziliota ovyo, na nyuma ya kuni nikakuta chupa tupu za pombe. Sauna, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke, hakuiwasha hata Jumamosi. Kwetu mwanaume akiacha kuwasha sauna Jumamosi, ni afadhali umwite mchungaji wa kanisa kabisa.

"Baba, unakula?"

"Chakula kipo."

"Sikuuliza kama kipo."

"Basi umeuliza vibaya, bibie."

Aliyemtoa pale kitandani hakuwa mimi. Alikuwa Hilkka. Naye alikuwa nyumbani mwaka wa nne, mgongo umeharibiwa na ndoo za watu, na kumbe siku zake alikuwa akizipitisha kwenye kompyuta, anacheza mchezo wa kufuga. Februari akaja na gari lake, kwenye buti ana kompyuta nyingine imefungwa kwenye blanketi kuukuu la farasi. Nilikuwepo siku hiyo, nilimfungulia mlango mwenyewe.

"Oiva," alisema, hata koti hajavua, "nina ng'ombe arobaini na mgongo mmoja mbovu. Natafuta mwenye zizi."

"Ng'ombe wa picha," baba akasema kutoka kitandani.

"Wa picha, ndiyo. Lakini wasipokula, maziwa yanapungua, na majani yakinyeshewa yanaoza. Njoo uone kabla hujadharau."

Akaja, kwa soksi, suruali imemlegea. Hilkka akaiwasha kompyuta mezani, baba akakaa, akatazama kioo chake kwa muda mrefu.

"Nani aliyekata majani mapema hivi?"

"Mimi."

"Inaonekana."

Hilkka alinigeukia akanikonyeza. Wiki hiyohiyo akamwekea kila kitu, akamfundisha kushika kipanya, na akarudi kwao Rautavaara, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Kuanzia hapo wakawa wanafuga pamoja, kila mtu nyumbani kwake, wakizungumza kwa vipokea sauti vya masikioni.

Baba akaanza tena kuamka saa kumi na nusu alfajiri. Ananyoa ndevu, anakunywa kahawa, na saa kumi na moja kamili anakaa mbele ya kompyuta kukamua, na saa kumi na moja jioni vilevile. Ng'ombe wa mchezo aliwapa majina ya ng'ombe wetu. Desturi ya zizi letu ni kwamba ndama jike hupewa jina linaloanza na herufi ya mama yake, kwa hiyo Orvokki alimzaa Omena, na yote haya akayaandika. Alikwenda zizini, lile la kweli, tupu, akalitoa daftari mlangoni, akaja kulitundika kwenye msumari kando ya kompyuta.

Niliposema miguu yake itavimba kwa kukaa, sikukosea, ilivimba. Hakunibishia. Akajiwekea utaratibu: akimaliza kukamua, anavaa buti na kulizunguka zizi tupu mara moja, asubuhi na jioni, kukagua milango kama alivyofanya miaka yote, kisha anarudi kumuaga Hilkka. Uvimbe ukaisha. Pombe iliisha pia, maana alisema Hilkka atamsikia ulimi ukiwa mzito. Kilo saba zilirudi kufikia majira ya joto. Presha ikashuka, na mimi nikazipongeza dawa zangu. Sauna ikawaka Jumamosi.

Miaka mitatu mtu yule alikuwa mzima. Namba zote nilikuwa nazo, nimezipima kwa mkono wangu na kuziandika kwa mwandiko wangu, na sikuzisoma. Mtu akitaka kujua ujinga wa aliyesoma unafananaje, aje anione.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu. Kazini, wakati wa kahawa, mwenzangu Seija alikuwa na mchezo wake wa kuniuliza, "Marjukka, mzee kafika ngazi ya ngapi?" Wote wanacheka. Baba yake mwenyewe alikuwa hoi, ameketi siku nzima akiangalia televisheni, na hilo hakuna aliyelicheka. Nami nilicheka pamoja nao. Nilisema, "Acheni, utoto umemrudia," nikachovya mkate wangu kwenye kahawa.

Nyumbani kwake nilikuwa mkali.

"Baba, hii ni michezo ya watoto."

"Watoto gani wanaamka saa kumi na nusu?"

"Ungetafuta watu wa kweli wa kuzungumza nao."

Akavua kipokea sauti kimoja, akasikiliza kingine, kisha akaniambia bila kugeuka, "Hilkka anasema amekusikia, na anakusalimu."

Machi, miaka hiyo mitatu ilipotimia, theluji iliyeyuka mchana ikaganda tena, ikawa barafu tupu. Baba alimaliza kukamua, akavaa buti, akatoka kulizunguka zizi lake. Kwenye ngazi za nyuma akaanguka, nyonga ikavunjika. Jirani wa karibu yuko mbali, na kwetu hakuna mtu anayepita uani kwa mwenzake asubuhi bila sababu. Aliyemwokoa ni Hilkka. Alingoja dakika ishirini arudi kumuaga, hakurudi, akapiga simu ya dharura kutoka Rautavaara. Gari la wagonjwa lilimkuta bado anazungumza.

Hilo nalo nililijua siku ileile. Na bado nikasema, kwa kinywa hiki hiki, kwamba asingekuwa na huo mchezo asingetoka nje asubuhi kwenye barafu. Nilimwambia Seija, nikamwambia daktari, nikamwambia kila aliyeniuliza. Kulikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana niliushikilia.

Walimfanyia upasuaji Kuopio, na baada ya siku sita akaletwa nyumba ya kutunzia wazee. Mhudumu aliyempokea aliniambia wazee wanaruhusiwa kuja na vitu vyao, kiti, picha, chochote. Nikamwambia hana anachohitaji.

Nilipokwenda kumwona siku ya pili alikuwa ameegemezwa kwenye mito, rangi imempotea lakini macho ni yake.

"Kuna mtu amemwambia Hilkka?" akauliza.

"Hilkka anajua, Baba. Pumzika."

"Omena anakaribia kuzaa."

"Pumzika."

"Daftari liko msumarini," akasema, akaangalia dirishani.

Basi. Hakusema niletee. Baba yangu hakuwahi kumwambia mtu niletee. Mimi nimezaliwa Savo, nimelishwa Savo, nilielewa kila neno: alikuwa ananiomba mashine, ili akabidhi zizi lake kama mtu mzima anayeondoka nyumbani kwa heshima. Nikamtandikia shuka vizuri, nikaondoka.

Wiki iliyofuata muuguzi wa pale aliniita pembeni, kabrasha mkononi. Mwanamke mpole, nafahamiana naye tangu chuoni.

"Marjukka, baba yako kila alfajiri saa kumi na moja anataka kuamka. Anashika vyuma vya kitanda, anaulizia ng'ombe. Jana kidogo aanguke. Kwani bado anafuga?"

Ilikuwa rahisi sana. Ningesema: anafuga kwenye kompyuta, anazungumza habari ya kweli, akili yake ni nzima kuliko yangu. Lakini niliona sura ya Seija kwenye meza ya kahawa. Niliona watu wakipeana habari kwamba mzee Huttunen anawalilia ng'ombe wa mchezo, miaka yake sabini na tisa.

"Hapana," nikasema. "Aliuza zamani."

"Pole," akasema, na akaandika. Kazi yetu inakufundisha kusoma maandishi yakiwa kichwa chini, kwa hiyo niliona alichoandika. Aliandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa, hatambui wakati. Sikumsahihisha. Nilisimama pale nikifunga vifungo vya koti.

Wakampa vidonge vya kumtuliza, vidogo, vya usiku. Sitamlaumu mtu yeyote wa pale, walifanya kwa mujibu wa walichoambiwa, na aliyewaambia ni mimi. Saa kumi na moja ikawa inampita amelala. Baada ya wiki mbili hakuulizia ng'ombe tena. Mimi nikasema ametulia. Ni neno letu la kazini hilo, tunalipenda.

Hilkka alinipigia simu mara moja tu.

"Dada, nimletee mimi hiyo mashine? Nina gari, na mgongo leo ni mzuri."

"Hilkka, anahitaji mapumziko. Hahitaji ng'ombe."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Sawa. Ila niambie tu, amekukabidhi wewe?"

"Amenikabidhi nini?"

"Zizi, Marjukka. Mimi hapa nalisha tu. Sijapewa daftari."

Nikamwambia niko kazini, nikakata simu. Sikuwa kazini.

Wiki ya saba nilikwenda nyumbani kwake kutoa vitu kwenye friji na kufunga maji. Ilikuwa Mei, barafu imekwisha, jua limejaa jikoni. Daftari lilikuwa pale pale msumarini. Nililifungua nikiwa nimesimama. Mstari wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ile aliyoanguka, mwandiko umenyooka: Omena, zimebaki siku kumi. Asiachwe peke yake, mara ya kwanza kuzaa.

Sijui kwa nini niliwasha kompyuta. Nadhani nilitaka kumwona huyo Omena. Ilipowaka, kabla ya kitu kingine, zikajaa barua za Hilkka, moja kwa kila siku.

Siku ya 1. Wote wamekula. Pole na nyonga, mwenye zizi.

Siku ya 10. Omena kazaa salama, nilikaa naye. Ni jike. Herufi ni O. Jina ni haki yako, nakuachia.

Siku ya 12. Wote wamekula. Sijui kama unasoma.

Siku ya 30. Nimekata majani. Mapema, najua, sema tu.

Siku ya 49. Wote wamekula. Ndama bado hana jina.

Nilikaa kwenye kiti chake nikalia mpaka nikashindwa kuona mlango. Nililia kwa sauti, mimi niliyezika mama bila kutoa sauti. Halafu nikachomoa nyaya zote bila kuangalia ipi ni ipi, nikafunga mashine kwenye blanketi lile lile la farasi, nikachukua na daftari, na nikaendesha gari kwa mwendo ambao polisi wangenisimamisha.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja jioni nilipofika. Yule muuguzi alinisaidia kubeba kioo na kunipa namba ya siri ya intaneti.

"Kumbe anatumia kompyuta?" akauliza.

"Ana zizi humo. Ng'ombe aliokuwa anawaulizia ni hawa."

Alishika waya mkononi, akanitazama.

"Si ulisema aliuza?"

"Nilisema."

Aliuchomeka waya, akatoka, akaufunga mlango taratibu. Ningependa angenitukana.

Baba alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuwa amenyolewa na mtu mwingine, maana kidevuni palikuwa na sehemu imerukwa, na yeye hakuwahi kuruka sehemu. Alikuwa amekonda kuliko ile Krismasi mbaya. Daktari alishaniambia kwamba nyonga ikivunjika katika umri ule, wengi hawarudi walivyokuwa, na asilimia fulani, na kadhalika. Nayajua hayo, nimewaambia hivyo watoto wa watu wengi. Hayanisaidii kitu.

Nikamvalisha vipokea sauti, kisha nikavitoa, nikaacha sauti isikike chumbani ili nami nisikie. Nikampigia Hilkka. Hakuuliza maswali, alikuwa tayari ameketi kwa sababu ndiyo ilikuwa saa yake ya kukamua.

"Mwenye zizi," sauti yake ikasema, "upo hapo?"

Baba akageuza kichwa kuitafuta sauti, akaangalia mlangoni, akaangalia dari. Niliuchukua mkono wake nikauweka juu ya kipanya. Ukabaki pale nilipouweka.

Kwenye kioo lango likafunguka, na ng'ombe wakaanza kuingia kwa mstari, kila mmoja akienda mahali pake. Omena alikuja wa mwisho, na ndama wake nyuma. Baba akainamisha mwili mbele. Aliwaangalia kwa muda mrefu, midomo ikitembea kidogo kama anahesabu, nami nikasema kimyakimya, Mungu wangu, kumbe bado anawajua.

"Ng'ombe wazuri," akasema. "Wametunzwa."

"Ndiyo, Baba."

"Ni wa nani?"

"Ni wako. Huyu mdogo ni wa Omena. Anakungoja wewe umpe jina."

Akanigeukia. Alinitazama kwa adabu, kwa namna aliyokuwa akiwatazama wale watalii wa manispaa waliosimama kwenye zizi lake bila kujua waanzie wapi. Hakutaka kuniaibisha.

"Hapana, mama," akasema taratibu. "Utakuwa umekosea nyumba. Mimi ng'ombe wangu niliuza zamani."

Akautoa mkono kwenye kipanya, akaupumzisha mapajani, akarudi kutazama dirishani.

Hilkka alikuwa amesikia yote. Kwenye kioo ng'ombe walikuwa wanasubiri.

"Marjukka," akasema mwishoni, "nikamue?"

Nikamwambia akamue. Nilivuta kiti nikakaa kando ya baba, nikashika daftari magotini, na tukawaangalia mpaka wa mwisho alipotoka.